Kabla hujawa mtu: Kitambaa cha mtoto mchanga kinachofunga Torati

Hebu nikuulize kitu. Siku uliyozaliwa, ulifungwa kwa kitambaa gani? Na leo kiko wapi?

Wengi wetu hatujui. Labda ilikuwa shali ya manjano iliyonunuliwa sokoni, ukaitumia wewe, akairithi mdogo wako, ikapitia kwa binamu wawili watatu, mwishowe ikawa tambara la kupangusia meza. Hakuna ubaya. Maisha ndivyo yanavyoenda, na kitambaa ni kitambaa.

Lakini wako watu ambao kitambaa hicho hawakukifanya tambara. Walikifua, wakakikata vipande, wakavishona upya vikawa ukanda mrefu, wakaudarizi jina la mtoto na tarehe yake, kisha wakaupeleka kufunga kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo. Ukanda huo unaitwa wimpel, na ukilitamka sema "vimpel", maana ni neno la Kijerumani. Ni desturi ya Wayahudi wa Ujerumani na majirani zao, na ina zaidi ya miaka 400.

Mimi nilikutana nayo kazini. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili (hiyo nitaigusia baadaye, tulia) na siku hizi nina mashine ya kudarizi kwenye kibanda ninachogawana na fundi wa nguo. Kazi nyingi ni nembo za sweta za shule na majina kwenye aproni za watu wa hoteli. Siku moja mteja, mama mmoja kijana, akaniletea blanketi jipya la mtoto. "Andika jina na tarehe," akasema, "halafu uongeze kitu kizuri."

Sasa hicho "kitu kizuri" ndicho huwa kinatusumbua sisi watu wa uzi. Dubu? Moyo? Nyota? Nikaingia mtandaoni kutafuta mifano. Bando ikaisha, nikanunua nyingine. Na hapo ndipo nikaona picha ya ukanda wa kitani wa karne kadhaa zilizopita, herufi za Kiebrania zimetembea kutoka kulia hadi kushoto, kila herufi imejaa maua, ndege na simba. Nikadhani ni pambo la ukutani. Kumbe ni nepi, yaani karibu nepi.

Siku ya nane

Ngoja nikupeleke polepole. Katika dini ya Kiyahudi, mtoto wa kiume hutahiriwa akiwa na siku nane. Si hospitalini kwa siri. Ni sherehe, watu wanakuja, ngariba anakuja, mtoto anapewa jina mbele ya jamaa. Ngariba wao huitwa moheli.

Mtoto huyo huja amefungwa kwa kitambaa, na kule Ujerumani mara nyingi kilikuwa cha kitani. Baada ya sherehe, kitambaa hicho kilifuliwa vizuri. Kisha kikakatwa vipande vitatu au vinne kwa urefu, vikaungwa ncha kwa ncha. Ukiupima ukanda huo unapata kama mita tatu, mwingine zaidi, na upana wa shibiri moja hivi. Kwenye picha zilizopigwa vizuri unaona kabisa ile mishono ya kuungia. Hawakuificha. Inakukumbusha kwamba huu ukanda mrefu ulikuwa kitambaa cha kumfunga mtu mdogo sana.

Baada ya hapo ilianza kazi ya mkono. Herufi zilichorwa kwanza, zikafuatwa kwa uzi wa hariri wa rangi. Mshono mmojawapo waliopenda ni ule wa mnyororo, ambao hata leo fundi wako wa mtaani anaujua. Baadaye, kuanzia karne ya 18 na hasa ya 19, wengi waliacha sindano wakashika brashi: wimpel zikawa za kuchorwa kwa rangi. Zinapendeza, lakini nikikwambia ukweli, mimi ni mtu wa uzi.

Kazi yake sasa. Torati ya sinagogini si kitabu cha kufunua kurasa. Ni gombo la ngozi, limeandikwa kwa mkono wa mwandishi aliyefunzwa kazi hiyo, herufi 304,805 bila kukosea, na limeviringishwa kwenye vijiti viwili vya mbao. Ukiliacha hivihivi litafunguka lenyewe. Kwa hiyo linafungwa kwa ukanda, halafu linavishwa vazi lake juu. Ukanda huo wa ndani, ule unaoligusa gombo lenyewe, ndio wimpel. Yaani kitu kilichomfunga mtoto akiwa na siku nane sasa kinafunga Torati.

Unaona mantiki yake? Gombo nalo linabebwa kifuani kama mtoto. Linavishwa nguo, watu husimama likipita, likianguka watu huhuzunika. Kwa hiyo kitambaa hakikuhama mbali sana, kimetoka mkono mmoja wa upendo kikaenda mkono mwingine.

Kisa cha Mainz

Desturi ilianzaje? Wengi huanzia kwenye kisa kinachosimuliwa kuhusu rabi mmoja mkubwa wa mji wa Mainz, Jacob Moelin, anayejulikana zaidi kwa jina la Maharil. Alifariki mwaka wa 1427.

Inasimuliwa kwamba siku moja mtoto alikuwa anatahiriwa sinagogini. Kazi imeshaanza, ndipo wakagundua kwamba kitambaa cha kumfungia mtoto kimesahauliwa. Unajua zile sherehe ambazo kila mtu alidhani mwingine amebeba. Mtoto anatoka damu, watu wanaangaliana. Rabi akasema: chukueni ule ukanda wa Torati.

Fikiria ukiwa pale. Kitu kitakatifu, kiguse damu? Lakini jibu lake lilikuwa la mtu anayejua kipi kinatangulia: uhai wa mtoto uko hatarini, kwa hiyo ukanda utumike. Baadaye ufuliwe, urudishwe mahali pake, na baba atoe pesa kidogo kwa sinagogi ili asiwe amejinufaisha bure na kitu cha Mungu.

Siwezi kukuapia kwamba desturi nzima ilizaliwa siku hiyo. Ila angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Katika kisa, ukanda wa Torati ulikwenda kwa mtoto. Katika desturi, kitambaa cha mtoto kinakwenda kwa Torati. Njia ni ileile, inapitika pande zote mbili.

Mambo matatu tu

Sasa tufike mahali paliponishika mimi. Wimpel nyingi zinasema maneno yaleyale. Fulani mwana wa fulani, amezaliwa kwa nyota njema, siku hii, mwezi huu, mwaka huu wa kalenda ya Kiyahudi. Mungu amkuze afikie Torati, arusi na matendo mema. Amina.

Soma tena. Torati, arusi, matendo mema. Ni dua ambayo Wayahudi huwaombea watoto wao hata leo siku ya tohara, na wachoraji wa wimpel waliipenda kwa sababu inachoreka. Kwenye neno Torati unaona gombo dogo, wakati mwingine mtu amelinyanyua juu. Kwenye neno la arusi unaona bwana na bibi wamesimama chini ya hupa, ile turubai ya arusi inayoshikwa na nguzo nne. Mtoto ana siku nane, na tayari arusi yake imechorwa. Bibi arusi pengine hajazaliwa!

Na hiyo "nyota njema"? Kwa Kiebrania ni mazal tov, maneno ambayo umewahi kuyasikia kwenye sinema watu wakipongezana. Mazal asili yake ni mambo ya nyota. Sisi tunaposema mtu ana nyota, au nyota yake imeng'aa, tuko jirani kabisa na hapo. Kwa hiyo baada ya maneno hayo, mchoraji aliweka alama ya nyota ya mwezi wa kuzaliwa: simba kwa mtoto wa mwezi wa Av, mizani kwa wa Tishri, samaki wawili kwa wa Adar. Ukiwa ng'e, pole, unachorewa ng'e.

Majina nayo yalichezewa. Mtoto akiitwa Yehuda au Löb, simba anatokea. Hirsch ni paa au kulungu. Wolf ni mbwamwitu. Kama ukoo ni wa makuhani, mikono miwili inachorwa imenyooshwa kubariki. Kama ni Walawi, unaona birika la maji, kwa sababu wao ndio huwanawisha makuhani mikono. Ukijua kusoma picha, unamjua mtoto ni nani kabla hujasoma herufi hata moja.

Mtoto anapoacha nepi

Ukanda ukishakamilika haukuning'inizwa sebuleni watu waupige picha. Ulisubiri. Kule Ujerumani kawaida ulisubiri hadi mtoto atimize kama miaka mitatu, na kuna sababu ya kawaida kabisa: awe ameshaacha kujikojolea. Huwezi kumpeleka mahali patakatifu akakuaibisha.

Siku hiyo baba humleta sinagogini. Torati inasomwa, inanyanyuliwa, inaviringishwa. Kisha mtoto anasogezwa mbele, anashika ukanda wake mwenyewe, na kwa msaada wa baba anauzungusha kwenye gombo. Vidole vidogo, ukanda wa mita tatu, na ukumbi mzima unangoja. Baadaye familia inakaribisha watu kwa vinywaji na vitu vitamu.

Ukanda unabaki sinagogini. Mtoto akifika miaka 13, siku yake ya bar mitzvah anapohesabiwa mtu mzima katika dini, gombo linafungwa kwa ukanda wake. Akikaribia kuoa, unatolewa tena. Hapo ndipo unaelewa zile picha: Torati, hupa. Kila hatua aliyoombewa akiwa mchanga, kitambaa kipo kumshuhudia.

Ila angalia jambo la tatu. Torati ina siku yake, arusi ina siku yake. Matendo mema hayana sherehe. Hakuna siku ambayo ukanda unatolewa watu waseme, leo fulani amefikia matendo mema, tukate keki. Limeandikwa mwisho na halina tarehe.

Bendera iliyochorwa

Desturi hii ilienea Ujerumani, Alsace, Uswisi, Bohemia, Moravia, hadi Denmark. Na kila mahali ilipokwenda ilichukua rangi ya mahali hapo. Jumba la makumbusho la Skirball huko Los Angeles lina wimpel ya mwaka wa 1889 kutoka mji wa Trinidad, jimbo la Colorado, iliyochorwa bendera ya Marekani. Wahamiaji hao walikuwa wanasema: mtoto wetu ni Myahudi, na ni wa hapa.

Huko Ujerumani nako, baada ya nchi kuunganishwa mwaka wa 1871, viko vitambaa vilivyochorwa bendera ya dola mpya, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wazazi walimchorea mtoto bendera ya nchi yake karibu na jina lake.

Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa bendera aliyezaliwa 1900 alikuwa na miaka 35 serikali ya Wanazi ilipotunga sheria za Nuremberg na kuwavua Wayahudi uraia. Alikuwa na miaka 38 usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, sinagogi zilipochomwa nchi nzima. Zaidi ya 1,000 zilichomwa au kuharibiwa. Ile ya Worms, mji ambao Maharil amezikwa, ilikuwa mojawapo. Magombo yalitupwa barabarani na kuteketezwa, na yalikuwa yamefungwa kwa nini? Kwa kanda zenye majina ya watoto wa mtaa uleule.

Mwaka wa 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi kama nusu milioni. Waliobahatika walitoroka. Wengine walifika hata hapa kwetu: mwandishi Stefanie Zweig aliletwa Kenya akiwa mtoto mwaka wa 1938, na filamu iliyotokana na riwaya yake Nirgendwo in Afrika ilishinda Oscar mwaka wa 2003. Maelfu walikwenda New York, mtaa wa Washington Heights, na jamii ya K'hal Adath Jeshurun iliyoanzishwa huko na wakimbizi wa Kijerumani imeendelea na wimpel mpaka zama zetu. Waliobaki nyuma, wengi waliuawa.

Chini ya paa la kituo cha zimamoto

Kuna kijiji kinaitwa Veitshöchheim, karibu na mji wa Würzburg, jimbo la Bavaria. Sinagogi yake haikuchomwa. Baadaye jengo likageuzwa kituo cha zimamoto. Wayahudi wa kijiji walikuwa hawapo tena.

Mwaka wa 1986, watu wakilikarabati jengo hilo, walikuta chini ya paa rundo la vumbi, karatasi na matambara. Ilikuwa geniza. Katika dini ya Kiyahudi, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi jalalani. Yakichakaa yanawekwa kando, mara nyingi darini, au yanazikwa. Kwa vizazi watu wa kijiji walikuwa wakipandisha huko juu vitabu vilivyochanika, kalenda, barua. Na vipande vya wimpel.

Leo jengo hilo ni makumbusho, limerudishwa kuwa sinagogi tangu 1994. Na vile vipande vya kitani vilivyoliwa na panya vimekuwa kama sajili ya vizazi. Fulani mwana wa fulani, amezaliwa siku hii. Hakuna kilichoandikwa kuhusu kazi aliyofanya. Hakuna kama alitajirika au alifilisika, kama alifaulu mtihani au alirudi nyumbani mikono mitupu. Kilichobaki ni kwamba alizaliwa, na kuna mtu alifurahi kiasi cha kukaa na sindano wiki nzima.

Hapo nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

Jina ambalo halipo

Lakini mimi ni mtu wa sindano, na kuna kitu kilinikera. Hebu rudi kwenye yale maandishi. Fulani mwana wa nani? Wa baba. Sasa nani alishona? Mara nyingi ni mama, nyanya, shangazi, dada. Mama aliyelala macho na mtoto, akafua damu kwenye kitambaa, akakikata, akakiunga, akadarizi herufi moja baada ya nyingine, aliandika jina la mwanawe, akaandika jina la mumewe, akafunga uzi. Lake hakuliandika. Na kitambaa kikienda sinagogini, anayekibeba ni baba.

Usinielewe vibaya, si Wayahudi peke yao. Chunguza mawe ya msingi ya majengo ya kwetu, au zile kadi za mazishi, uone nani anatajwa kwanza. Na si wote walinyamaza. Huko Italia, ambako kanda za Torati zilikuwa na desturi yake tofauti, wanawake walizoea kutia majina yao. Jewish Museum ya New York ina ukanda uliodariziwa na mwanamke anayeitwa Honorata Foa, mwaka wa 5343 wa Kiyahudi, yaani 1582 au 1583. Jina lake liko hapo, kwa mkono wake. Miaka 440 baadaye mimi, kijana wa Nairobi mwenye mashine ya mkopo, namjua Honorata.

Na siku hizi, hasa Marekani, zipo familia zinazowatengenezea wimpel watoto wa kike pia, kwa kitambaa chochote kilichompokea mtoto, na jina la mama linakaa pamoja na la baba. Desturi haijafa kwa kubadilika. Imepata uzi mpya.

Shali ya manjano

Sasa ile stori niliyokuahidi. Nilipoacha chuo, ada ilikuwa imenishinda, lakini hata kichwa changu kilikuwa kimeshatoka darasani muda mrefu. Nyumbani hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Mamangu aliendelea kupiga pasi. Shati la kwanza, la pili, la tatu. Mpaka leo mtu akipiga pasi najisikia nina deni.

Kwa sababu sisi pia tumeandikwa, si unajua? Shali zetu hazina herufi lakini wote tunazisoma. Digrii, kazi ya ofisini, gari, uinue boma. Uliandikiwa hayo kabla hujaota jino. Tofauti ni kwamba yetu haikuandikwa mahali, kwa hiyo huwezi kuisoma yote ukajua inaishia wapi. Kila ukifika, mstari unaongezwa.

Ndiyo maana yale mambo matatu yalinishika. Sisemi ni mepesi. Walikuwepo wasiooa, walikuwepo waliokimbia dini, na bila shaka ukanda wenye hupa iliyochorwa uliwachoma wengine. Lakini angalia mpangilio wenyewe. Jina lako linafungwa kwenye kitu kitakatifu kwanza, ukiwa na miaka mitatu, hujui hata kufunga kamba za viatu. Hawakusubiri uone matokeo ya mtihani. Kisha la mwisho wanalokuombea ni jambo ambalo hata aliyeacha chuo analiweza leo jioni akitaka.

Wikendi hiyo nilipanda matatu nikaenda kumwona mamangu. Nikamuuliza kama nilikuwa na shali. Akaingia chumbani, nikasikia sanduku likivutwa chini ya kitanda. Akatoka nayo. Ya manjano, imepauka, ukingo umefumuka upande mmoja. Miaka yote hiyo ilikuwepo na hakuna aliyeniambia.

"Mama," nikamuuliza, "uliponifunga kwa hii ulikuwa unaniombea nini?"

Akafikiri.

"Wewe ulikuwa unalia usiku kucha," akasema. "Saa hiyo nilitaka tu ulale."

Nilicheka hadi akanishangaa. Halafu akaniuliza ile mashine yangu inaweza kurekebisha ukingo kama huo. Nikamwambia ukingo kama huo ni wa mkono, si wa mashine. Akasema basi kaa chini, akaleta sindano.

Na lile blanketi la mteja? Nilidarizi jina na tarehe. Kuhusu kile "kitu kizuri", nilimpigia simu nikamuuliza kama ameshika mimba miezi tisa peke yake au kuna mtu alimsaidia. Akacheka. Nikamwambia basi nitajie jina lako. Kwa hiyo kwenye pindo, kwa uzi wa bluu, mtoto huyo ameandikwa ni mtoto wa nani: la mama, kisha la baba. Chini yake hakuna dubu. Alipokuja kulichukua aliligusa lile pindo kwa kidole, akarudia tena, kisha akalipa na kuondoka bila kuomba apunguziwe bei, jambo ambalo kwa biashara yangu ni muujiza mdogo.

Kwa hiyo kama mamako, nyanyako au yeyote aliyekulea bado yupo, mpigie. Usimuulize kuhusu pesa wala ploti. Muulize ulifungwa kwa nini, na kama kipo. Kikiwepo, kitafutie uzi. Andika jina lako kama unataka. Lakini usisahau la aliyekufunga.